Shahada za uzamili za habari zipimwe Mbinga na Mbamba Bay

KATIKATI ya mwaka 2012, wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na Chiwindi, walikuta maji wanayovua samaki kila siku yamekuwa habari ya ukurasa wa mbele.

Mgogoro wa zamani kati ya Tanzania na Malawi kuhusu mpaka ndani ya ziwa hilo ulikuwa umeibuka upya. Mwaka 2011 Serikali ya Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta kwa kampuni ya Surestream ya Uingereza, na Tanzania ikataka kazi hiyo isimame katika eneo linalobishaniwa hadi ufumbuzi upatikane.

Agosti 2012 maneno ya vita yakaanza kusikika. Edward Lowassa, ambaye wakati huo alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, alisema Jeshi lilikuwa tayari iwapo hali ingelazimu. Rais Jakaya Kikwete, kwa upande wake, aliwatuliza wananchi kwa kuwaeleza kuwa Tanzania haikuwa na mpango wa kupigana na jirani yake.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, suala hilo lilikuwa la diplomasia. Kwa mvuvi wa Liuli na mama muuza dagaa wa Mbamba Bay, lilikuwa suala la kujua iwapo mtumbwi uingie majini usiku ule au ubaki mchangani.

Watu hao walihitaji taarifa sahihi, iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa, tena mapema. Ndiyo maana mwambao huo ni mahali pazuri pa kupimia jambo linalozungumzwa sana katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki: je, elimu ya juu ya uandishi wa habari, hasa ya ngazi ya uzamili, inawaandaa kweli waandishi na viongozi wa vyumba vya habari kwa mabadiliko yanayoikumba tasnia hiyo?

Maswali ambayo kauli hazijibu

Mgogoro wa Ziwa Nyasa ni mgogoro wa nyaraka. Malawi inategemea Mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, maarufu kama Mkataba wa Heligoland, unaoupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa. Kwa maana hiyo, maji yote yanayopakana na Ruvuma yangekuwa ya Malawi.

Tanzania inashikilia desturi ya sheria ya kimataifa ya kuupitisha mpaka katikati ya maji yanayotenganisha nchi mbili. Inataja pia kumbukumbu za enzi za utawala wa Uingereza zilizowahi kuuonyesha mpaka ukiwa katikati ya ziwa. Mwalimu Julius Nyerere alilifikisha suala hilo rasmi kwa Malawi mwaka 1967.

Baadaye shauri hilo lilipelekwa kwenye usuluhishi wa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, akiwa pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana.

Mwandishi anayetaka kumsaidia mvuvi wa Liuli analazimika kuusoma mkataba wenyewe, kulinganisha ramani za vipindi tofauti, kumtafuta mtaalamu wa sheria asiyekuwa msemaji wa upande wowote, kisha kueleza kinachoweza kumpata mvuvi akikutwa upande wa pili. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayokamilika kwa kuhudhuria mkutano wa waziri na waandishi wa habari na kuyanukuu maneno yake.

Liuli yenyewe inafahamu gharama ya habari iliyochelewa. Agosti 13, 1914, wakati mji huo ukiitwa Sphinxhafen na Wajerumani, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia na kuiharibu meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo. Nahodha wa Kiingereza alikuwa amepata habari kwamba vita imeanza Ulaya. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajaipata.

Karne moja baadaye simu ya mkononi imefuta tatizo la umbali. Lililobaki ni gumu zaidi. Taarifa hufika Mbamba Bay kwa sekunde chache, ila mtu wa kuichambua, kuithibitisha na kuiweka katika mizani hayupo karibu, na mara nyingi hayupo hata katika makao makuu ya gazeti.

Kutoka Kigonsera hadi New York

Uhusiano wa Mbinga na uongozi wa vyumba vya habari una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Miongoni mwa waliosoma katika Seminari ya Kigonsera, wilayani Mbinga, ni Rais wa Awamu ya Tatu, hayati Benjamin Mkapa.

Mkapa hakuwa na diploma ya uandishi wa habari. Alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akapata shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1966 alikuwa mhariri wa magazeti ya chama, The Nationalist na Uhuru, na mwaka 1972 akahamia Daily News. Mwaka 1976 ndiye aliyekuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata.

Safari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kizazi cha kwanza cha wahariri wazalendo hakikuingia chumba cha habari kikiwa na mbinu za uandishi peke yake. Baadhi yao walikuwa na elimu pana ya historia, siasa na uchumi, iliyowawezesha kuhariri habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika na Vita Baridi bila kutegemea tafsiri ya mashirika ya nje.

La pili ni chungu zaidi. Shihata ilikuwa na ofisi mikoani, na kupitia ofisi hizo habari za mikoa kama Ruvuma zilipata njia ya kudumu ya kufika magazetini na redioni. Shirika hilo lilivunjwa wakati wa utawala wa Mkapa huyohuyo, katika kipindi cha kupunguza mashirika ya umma. Elimu ya kiongozi ilisaidia kuujenga mtandao. Haikutosha kuulinda pale fedha zilipobadilisha mwelekeo.

Wakati huohuo mafunzo ya kitaaluma yalikuwa yakikua. Kituo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki, kilianza kufundisha waandishi katika miaka ya 1960, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Serikali ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania (TSJ) mwaka 1975, ambacho mwaka 2003 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sasa ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma.

Kwa majirani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970, na Makerere ikaanza kufundisha mawasiliano ya umma mwaka 1988.

Vyuo vinafundisha nini

Leo Mtanzania anayetaka shahada ya uzamili katika fani hii anaweza kuisoma Dar es Salaam au Mwanza. Akivuka mpaka, anaikuta Nairobi shule ya uzamili ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, yenye shahada ya uandishi wa kidijitali na nyingine ya uongozi na ubunifu katika vyombo vya habari, zinazowalenga zaidi watu ambao tayari wako kazini.

Mgawanyo huo wa Nairobi unastahili kuangaliwa. Unakiri kwamba mwandishi na kiongozi wa waandishi wanahitaji vitu viwili tofauti. Mwandishi anahitaji kujua kuchambua takwimu, kulinda vyanzo vyake mtandaoni na kusimulia kwa maandishi, sauti na picha. Kiongozi anahitaji kujua gazeti litaishi vipi pale mauzo ya nakala yanaposhuka na matangazo yanapohamia kwenye mitandao.

Mjadala huu si mgeni duniani. Joseph Pulitzer alipotoa fedha za kuanzisha shule ya uandishi wa habari Columbia, iliyofunguliwa mwaka 1912, wahariri wengi wa Marekani walimcheka. Waliamini kuwa kazi hiyo hujifunzwa mitaani, polisi na mahakamani. Missouri ilikuwa imetangulia mwaka 1908 kwa kuwafundisha wanafunzi wake ndani ya gazeti halisi.

Hoja ya wahariri wale bado inasikika Tanzania. Wapo wanaosema kuwa shahada ya uzamili humfundisha mtu nadharia za mawasiliano zilizotungwa Ulaya na Marekani, kisha humrudisha kazini akiwa na tasnifu isiyosomwa na mtu na habari zilezile za alisema, aliongeza, alisisitiza.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Tathmini za ubora wa vyombo vya habari zilizofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Baraza la Habari Tanzania (MCT) zimeonyesha kuwa habari nyingi hutegemea chanzo kimoja na huzaliwa na matukio yaliyoandaliwa na wengine. Vyuo vimeongezeka, wahitimu wameongezeka, na bado udhaifu huo upo.

Hata hivyo, kusema kuwa mitaa inatosha ni kusahau kwamba mitaa yenyewe imebadilika. Mambo yanayoamua maisha ya mkulima wa Mbinga leo hayaonekani kwa macho barabarani. Yamo katika mikataba, kanuni na hesabu.

Kahawa, makaa ya mawe na ramani

Mbinga ni nchi ya kahawa. Katika milima ya Umatengo, ambako wakulima wamehifadhi udongo kwa mashimo ya ngoro kwa vizazi vingi, zao hilo limesomesha watoto na kujenga nyumba za matofali. Kuanguka kwa chama kikuu cha ushirika, MBICU, katika miaka ya 1990 kuliwaacha wakulima mikononi mwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza kahawa iuzwe tena kupitia ushirika.

Kila moja ya mabadiliko hayo iliripotiwa. Kilichokuwa haba ni maelezo ya makato: mkulima akilipwa kiasi fulani kwa kilo, kiasi gani kimekwenda chama cha msingi, kiasi gani halmashauri, kiasi gani ukoboaji na usafirishaji, na bei ya mnada ilikuwa ngapi siku ile. Hiyo ni habari ya hesabu. Mwandishi anayeogopa jedwali hawezi kuiandika, na mhariri asiyeijua hawezi kuidai.

Sasa limekuja jingine. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka kahawa inayoingia katika soko lake ithibitishwe kuwa haikulimwa katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, pamoja na kuonyesha mahali shamba lilipo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo wake unafahamika.

Kwa mkulima mwenye shamba dogo lililogawanywa kwa urithi, kanuni hiyo inazaa maswali mengi. Nani atapima shamba lake? Taarifa zake zitamilikiwa na nani? Asipopimwa, kahawa yake itauzwa wapi? Maswali hayo yanapaswa kuulizwa Mbinga mjini, katika vyama vya msingi, kabla hayajageuka kilio cha msimu.

Hali ni hiyohiyo kwa makaa ya mawe. Mgodi wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza uzalishaji mwaka 2011 ukiwa na hisa za Serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya nishati ilipanda duniani na makaa ya Ruvuma yakaanza kusafirishwa kwa wingi kwenda nje kupitia bandari ya Mtwara.

Malori yalionekana na vumbi lilionekana. Fedha hazionekani mpaka mtu azifuate katika hesabu za halmashauri na katika ripoti za uwazi katika rasilimali, ambazo zina msingi katika Sheria ya mwaka 2015 ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji. Nyaraka hizo zipo. Wanaojua kuzisoma na kuzigeuza habari ya redio kwa mkazi wa Ngaka ni wachache.

Hapo ndipo elimu ya uzamili, ikifundishwa ipasavyo, ina thamani. Inampa mtu muda wa kujifunza sheria, uchumi, takwimu na njia za utafiti, mambo ambayo kasi ya kila siku ya chumba cha habari haimruhusu kujifunza.

Anayesoma huondoka

Tatizo ni kwamba thamani hiyo mara nyingi haimfikii msomaji. Njia ya kawaida inafahamika kwa kila aliyefanya kazi katika tasnia hii. Mwandishi anajisomesha kwa shida, anapata shahada, kisha anaajiriwa kuwa ofisa uhusiano katika wizara, benki au shirika la kimataifa. Chumba cha habari kinabaki na wale ambao hawajapata nafasi ya kuondoka.

Haifai kumlaumu anayeondoka. Mwandishi wa kujitegemea mkoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na si nadra kukosa mkataba, bima na nauli. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati ya kutathmini hali ya uchumi ya vyombo vya habari, na ukosefu wa mikataba ulikuwa miongoni mwa matatizo yaliyojadiliwa wazi.

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilometa 67. Barabara hiyo ya milimani, iliyokuwa mateso wakati wa masika, sasa ina lami. Lakini hata kwa lami, mwandishi anayelipwa kwa kipande akitumia siku mbili ufukoni kutafuta habari moja ya wavuvi, malipo yake hayafidii nauli na chakula.

Matokeo yake ni kwamba husafiri pale anapobebwa. Gari huwa la mkuu wa wilaya, la halmashauri au la mradi wa wafadhili, na posho hutoka hukohuko. Habari inayorudi humhusu aliyetoa gari. Halmashauri nazo zina maofisa habari wao, baadhi yao wakiwa wamesoma vizuri, wanaotuma taarifa zilizokamilika pamoja na picha. Kwa mhariri aliyechoka saa mbili usiku, taarifa hiyo ni rahisi kuliko simu ya mwandishi anayesema bado anathibitisha.

Katika mazingira hayo, kumpa mwandishi shahada bila kubadilisha namna anavyolipwa ni kama kumpa mvuvi nyavu mpya na kumnyang'anya mtumbwi.

Sheria na cheti

Serikali imechagua njia ya sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha utaratibu wa ithibati kwa waandishi, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaweka diploma ya uandishi wa habari kuwa kiwango cha chini cha elimu, huku waliokuwa kazini wakipewa miaka mitano kujiendeleza. Muda huo ulipokwisha, uliongezwa. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilizinduliwa rasmi mwaka 2025, ikiongozwa na mtangazaji mkongwe Tido Mhando.

Wanaounga mkono wanasema taaluma haiwezi kuheshimika ikiwa kila mwenye kalamu ni mwandishi. Wanaopinga wanasema cheti kinachotolewa kwa masharti ya dola kinaweza kuwa kamba shingoni mwa mwandishi. Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kuwa baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge lilifanya marekebisho.

Kwa Mbinga na Nyasa, mjadala huo una sura nyingine. Watangazaji wa redio ndogo za wilayani, wanaofahamu Kimatengo au Kinyanja na wanaoaminiwa na wasikilizaji wao, ndio walio katika hatari kubwa ya kukosa sifa. Chuo kiko mbali, ada ni kubwa, na kuacha kazi miaka miwili ni kuacha mkate.

Likitekelezwa bila njia ya kuwasaidia, sharti la diploma linaweza kuondoa sauti za mahali palepale penye uhaba wa sauti. Mwambao wa Nyasa ni eneo la mpakani ambako matangazo ya redio za Malawi husikika kwa urahisi. Redio ya kwao ikinyamaza, wananchi hawatanyamaza. Watasikiliza ya jirani, pamoja na maelezo yake kuhusu mpaka.

Kiongozi wa chumba cha habari

Ndiyo maana uzito wa suala hili unahamia kwa wahariri, mameneja na wamiliki. Mabadiliko yanayozungumzwa katika semina, yakiwamo ya video za simu, mitandao ya kijamii na programu za akili mnemba zilizoenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, yanaweza kutumika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupunguza watu. Programu inaandika upya taarifa ya ofisa habari kwa dakika moja, ukurasa unajaa, na mwandishi wa Mbinga anaonekana gharama isiyo na lazima. Njia ya pili ni kuiachia mashine kazi ya kunakili na kupanga, kisha fedha na saa zilizookolewa zikatumika kumpeleka mtu Liuli au Ngaka.

Hakuna teknolojia inayochagua kati ya njia hizo. Anayechagua ni mhariri mtendaji mwenye bajeti mbele yake. Kama elimu ya uzamili ya uongozi haimfundishi kuiona bajeti hiyo kama uamuzi wa kiuandishi, imemfundisha nusu.

Kuna pia suala la usalama. Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa, akiwa kazini wakati polisi walipokabiliana na wafuasi wa chama cha siasa. Askari mmoja alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mwandishi wa mkoani huwa peke yake tukio linapogeuka hatari. Kiongozi aliyeandaliwa vizuri anajua kabla ya siku hiyo nani atapigiwa simu, gari litatoka wapi na wakili ni nani.

Njia zilizopo

Mifano ya kuanzia haikosekani. Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania (TMF), ulioanza mwaka 2008, ulitoa ruzuku kwa waandishi binafsi kufuatilia habari za maslahi ya umma, zikiwamo za vijijini, huku kila mmoja akiongozwa na mwandishi mzoefu. Utaratibu huo uliunganisha fedha za safari, mafunzo na habari inayochapishwa, mambo matatu ambayo vyuo na vyumba vya habari huyashughulikia kila mmoja peke yake.

Vyuo vikuu vinaweza kuiga. Tasnifu ya shahada ya uzamili ya mwandishi aliye kazini inaweza kuwa uchunguzi halisi wa makato ya kahawa Mbinga au mapato ya makaa ya Ngaka, ukasimamiwa na mhadhiri na mhariri kwa pamoja, kisha ukachapishwa. Mtahiniwa angepimwa na watu wawili: mtahini wa nje na mkulima anayesoma.

Mafunzo yanaweza pia kusogezwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo Songea, na Chama cha Waandishi wa Habari Mkoa wa Ruvuma kipo mjini humo. Wahadhiri wakienda kwa wiki chache kwa mwaka, na sehemu nyingine ikafundishwa kwa mtandao, mtangazaji wa Mbamba Bay hatalazimika kuacha kipaza sauti ili apate sifa.

Wamiliki nao wana zamu yao. Anayemsomesha mwandishi na kumfunga kwa mkataba wa miaka kadhaa anapaswa kumpa kazi inayolingana na alichosoma, pamoja na mshahara unaomfanya asiitazame ofisi ya uhusiano kama mlango wa kutokea. Vinginevyo mkataba huo utakuwa kifungo, na kifungo hakizai habari nzuri.

Serikali, ambayo imeweka kiwango cha elimu, haiwezi kujitoa. Kama diploma ni sharti la kazi, basi mikopo na ufadhili kwa waandishi wa wilaya za pembezoni ni sehemu ya sharti hilo.

Mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa ulitulia katika vichwa vya habari, ila haujapatiwa suluhu ya mwisho. Siku utakaporudi, taarifa zitasambaa katika simu za wavuvi kabla ya wahariri wa Dar es Salaam kukaa kikao cha asubuhi, zikiwa zimechanganyika za kweli, za uongo na zilizotengenezwa na mashine.

Itakapofika siku hiyo, hesabu ya wahitimu wa uzamili waliopo nchini haitamsaidia mwananchi wa mwambao. Atakachohitaji ni mtu mmoja Mbamba Bay anayeweza kuusoma Mkataba wa 1890 na kuueleza kwa lugha ya ufukoni, na mhariri mmoja Dar es Salaam atakayepokea simu yake na kumpa nafasi. Vyuo, wamiliki na Serikali bado wana muda wa kuwaandaa watu hao wawili.